Kuuza Picha: Maana ya Neno na Hali ya Mchoraji wa Ngara na Biharamulo

Kamusi zetu zaeleza kitenzi uza kwa maneno machache: kutoa kitu na kupokea fedha badala yake. Maelezo hayo yamtosha muuza ndizi, lakini hayamtoshi mchoraji. Ndizi ikiisha kuliwa, mauzo yamekwisha na madai yamekwisha. Picha huuzwa ikabaki. Hutundikwa, hutazamwa, huigwa, na pengine huuzwa tena kwa fedha nyingi kuliko zile alizopata aliyeichora. Makala haya yakusudia kuonyesha mambo yaliyomo katika neno hilo moja, na kwa nini yafaa tuyatenge, hasa kwa faida ya mchoraji akaaye mbali na miji mikubwa, kama vile katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera.

Tuanze na asili ya neno. Katika Kinyarwanda na Kirundi, ambazo Kihangaza cha Ngara ni jirani na ndugu yao, kugura ni kununua na kugurisha ni kuuza, yaani kumfanya mtu anunue. Katika Kinyankore, kilicho katika kundi moja na Kihaya na Kizinza, kununua ni kugura na kuuza ni kuguza. Kiswahili nacho kimo katika ukoo huo. Uza ni umbo la kale la kusababisha lililotoka katika shina lile lile: sauti ya g imepotea, na mwisho wa shina umegeuka z, kama tuonavyo lala ikizaa laza. Shina lenyewe limetoweka katika Kiswahili sanifu, na mahali pake pamekaliwa na nunua. Kwa hiyo msemaji wa leo hatambui tena kwamba uza maana yake ya awali ilikuwa kumfanya mwingine anunue.

Maana hiyo ya kale ndiyo hali halisi ya mchoraji. Hawezi kuuza peke yake. Yampasa kwanza kuamsha haja ya mtu mwingine. Mwenye chumvi hahitaji kufanya hivyo, maana haja ya chumvi ipo kabla yake. Nani, basi, mwenye haja ya picha katika Ngara na Biharamulo? Katika miji midogo ya nchi yetu mchoraji huishi zaidi kwa kuandika mabango ya maduka, kupamba kuta za mikahawa na kuchora ramani katika kuta za shule. Kazi hiyo huitwa kazi ya rangi, na malipo yake huitwa ujira au hela ya fundi. Wateja wake hawasemi kwamba wamenunua picha, bali kwamba wamechorewa. Kauli ya kutendea yaonyesha wazi jambo lenyewe: kilichouzwa hapo ni kazi ya mkono, na haja ilikuwa ya mteja tangu mwanzo.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya mto Kagera, mkabala na Ngara. Katika nchi ya Gisaka ya zamani, ambayo leo ni mashariki ya Rwanda, wanawake walipamba kuta za ndani za nyumba kwa matuta yaliyofanyizwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha wakayatia rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sanaa hiyo huitwa imigongo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mfasiri, kwa kuwa ndilo neno letu migongo. Ukutani imigongo haikuuzwa, kwa maana ukuta hauchukuliki. Baadaye ilihamishiwa kwenye mbao, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 vikundi vya wanawake viliifufua na kuiuza karibu na barabara iendayo Rusumo. Hapo twaona badiliko kubwa: aliyepamba nyumba yake alijua nani atatazama, lakini atengenezaye ubao hajui utatundikwa wapi, na vipimo vyake hufuata mkoba wa msafiri.

Mfano wa tatu ndio ujulikanao zaidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora huko Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, akitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mraba vya mbao nyembamba, akauza kazi zake Oyster Bay, hasa kwa wageni. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Jina la mtu likawa jina la aina: mnunuzi husema anataka tingatinga, wala haulizi ni ya nani. Lugha imempa Tingatinga heshima kubwa, lakini imewafunika warithi wake. Mchoraji ambaye kazi yake huitwa kwa jina la mwingine huona shida kudai bei iliyo yake peke yake.

Neno bei lenyewe lina somo. Katika Kiarabu asili yake ni tendo la kuuza. Kwetu limekuwa kiasi cha fedha. Thamani nayo ilikuwa bei katika Kiarabu. Kwetu imekuwa ubora na uzito wa kitu. Kiswahili, basi, kimetenga mambo mawili yaliyokuwa karibu, na mtengo huo wamfaa sana mchoraji. Aweza kukubali bei ndogo kwa sababu ya njaa bila kukiri kwamba thamani ni ndogo. Mnunuzi akisema, "Bei yake ndiyo thamani yake," amefuta kwa kinywa tofauti ambayo lugha imeijenga.

Kadhalika sanaa, lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya ufundi, lilikuwa kwanza kazi ya mikono. Siku hizi lina cheo cha juu, lakini usanii katika mazungumzo ya mitaani hutumika pia kwa maana ya hila na udanganyifu. Mchoraji ajitajaye kuwa msanii hujichukulia heshima na shaka kwa pamoja. Ajiitaye fundi huaminiwa zaidi, lakini hulipwa kama mpaka chokaa.

Kwa hiyo twaweza kutenga mauzo matatu. La kwanza ni kuuza kazi, kama katika kuchorewa. La pili ni kuuza kitu, yaani ubao au kitambaa chenye picha. La tatu ni kuuza haki ya kunakili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 yatambua haki ya aliyebuni kazi ya sanaa, na kupokea ubao mkononi si kupokea haki hiyo. Lakini neno uza, likitamkwa tu barabarani, halitengi la pili na la tatu, na asiyejua hudhani ameuza yote. Tangu mwaka 2019, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato imechukua mahali pa mapori ya akiba ya upande huo, likiwamo la Biharamulo. Wageni wakiongezeka, na haja ya picha itaongezeka. Yafaa mchoraji aingie sokoni akijua anachokitoa na anachobaki nacho.

Wanalugha nao wana wajibu. Istilahi zipo: kuchorea kwa kazi, kuuza kwa kitu, kuruhusu kunakili kwa haki. Walio karibu na wasemaji wa Kihangaza, Kishubi na Kizinza wangefanya jema kukusanya maneno ambayo wasemaji hao huyatumia kwa kupamba, kuchora na kulipa fundi, kabla hayajamezwa na neno moja la sokoni. Neno lisilotenga mambo humgharimu mtu, na hapa agharimikaye ni yule aliyeshika brashi.