Tusinunue Pikapu kwa Kusoma Mita Tu

Tukionyeshwa pikapu kuukuu pale Michenzani, tusiishie kwenye rangi na mita. Mita za zamani nyingine zina tarakimu tano. Gari ikipita kilomita 99,999, mita hurudi 00000. Basi hiyo 40,000 tunayoisoma huenda ni 140,000, au 240,000!

Lakini kilomita siyo adui mkubwa. Injini iliyochoka fundi huitengeneza. Adui wa Unguja ni chumvi ya bahari. Chesesi iliyoliwa na kutu huweza kukatika njiani, na watu wamo. Tuingie uvunguni, tuigonge kwa nyundo, tuichokoe kwa bisibisi. Ikitoboka, tuiache, hata ikiwa rahisi vipi.

Tukishanunua, oili tubadilishe kila kilomita 5,000, tuandike daftarini. Ikibeba mwani mbichi, tuioshe uvunguni kwa maji matamu siku ileile.