Matone au Leza: Swali la Presha ya Macho Lililoulizwa Moshi

Kati ya mwisho wa Agosti 2015 na katikati ya Mei 2017, wagonjwa 840 walichunguzwa katika idara ya macho ya Hospitali ya KCMC, Moshi, ili kubaini nani angefaa kuingia katika utafiti mmoja. Waliofaa na kuridhia walikuwa 201. Wote walikuwa na glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho, na swali walilosaidia kulijibu lilikuwa rahisi kulitamka: mgonjwa kama huyu aandikiwe dawa ya matone akatumie nyumbani, au apigwe leza hapohapo hospitalini? Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health. Madaktari wa macho wanayafahamu. Wagonjwa wengi na ndugu zao hawajayasikia, nayo yanawahusu wao kwanza.

Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, kuna maji maangavu yanayotengenezwa mchana na usiku. Si machozi. Maji haya hulisha sehemu za jicho zisizo na mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia wavu mwembamba wa tishu uliopo pembeni, pale kioo cha nje cha jicho kinapokutana na ile duara yenye rangi. Wavu huo ukianza kupitisha maji kwa shida, jicho huwa kama sinki ambalo bomba liko wazi huku tundu la kutolea maji limeziba nusu: yanayoingia ni yaleyale, yanayotoka yamepungua, na presha inapanda. Hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Mtu anaweza kuwa na presha ya macho bila kuwa na presha ya damu, na mwenye presha ya damu anaweza kuwa na macho salama kabisa.

Kinachoumia ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake hufa kidogo kidogo, na eneo la kuona huanza kuliwa pembeni. Hakuna maumivu. Hakuna wekundu. Jicho moja huziba pengo la mwenzake, na mtu huendelea kusoma, kushona na kuendesha gari, mpaka siku anapogundua kwamba hakuiona kabisa pikipiki iliyotokea ubavuni. Mtoto wa jicho akipasuliwa, mgonjwa huona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudishwi na dawa, leza wala upasuaji wowote uliopo leo. Tiba zote zina kazi moja tu, kushusha presha ili kilichobaki kibaki. Na watu wenye asili ya Afrika ndio wanaopata zaidi aina ya glakoma iliyotafitiwa Moshi, tena mara nyingi katika umri mdogo kuliko Wazungu.

Dawa ya matone iliyotumika katika utafiti huo ni timolo ya asilimia 0.5. Imekuwa ikitumika duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, inapatikana kwa bei nafuu kuliko nyingi za aina yake, na hufanya kazi kwa kupunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Haimfai mwenye pumu, kwa sababu inaweza kubana njia za hewa. Ndiyo maana wenye pumu hawakuingizwa katika utafiti. Kwamba timolo inashusha presha ya jicho, hilo halina ubishi.

Ugumu uko kwingine. Mgonjwa anatakiwa kutia tone asubuhi na jioni, kila siku, kwa maisha yake yote, kwa ajili ya ugonjwa usiomuuma, kwa dawa ambayo haitamfanya aone vizuri zaidi hata siku moja. Mkono unatetemeka na tone linadondokea shavuni. Chupa inaisha wiki mbili kabla ya tarehe ya kliniki, na duka la dawa la karibu halina. Bibi asiyeweza kujitilia humtegemea mjukuu, na mjukuu amerudi shule ya bweni. Anayeishi na mgonjwa wa glakoma anajua kwamba hakuna uvivu hapo. Ni mzigo mzito kwa yeyote, na kwa asiye na bima na mwenye nauli ya kubahatisha ni mzito zaidi.

Leza inayozungumziwa hapa haikati kitu. Mtindo wake ulibuniwa na daktari Mmarekani Mark Latina katika miaka ya 1990. Mgonjwa hukaa mbele ya mashine akiwa ametiwa dawa ya ganzi ya matone, lenzi maalumu huwekwa juu ya jicho, na daktari huelekeza mipigo mifupi mno ya mwanga wa kijani kwenye ule wavu wa pembeni. Kila mpigo huchukua nanosekunde tatu, muda mfupi kiasi kwamba chembe zenye rangi ndani ya wavu hupokea nguvu ya mwanga bila joto kusambaa na kuunguza tishu za jirani. Mwili huitikia kwa kuurekebisha wavu, na maji huanza kupita kwa wepesi zaidi. Mipigo yapata mia moja kuzunguka jicho zima humalizika kwa dakika chache. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Dalili njema zimetoka kwingine pia. Uingereza, utafiti ulioitwa LiGHT, ulioongozwa na Gus Gazzard wa Hospitali ya Macho ya Moorfields, London, ulifuatilia wagonjwa 718 waliokuwa hawajawahi kutibiwa. Ulipochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, asilimia 74 ya walioanza na leza walikuwa wamebaki kwenye presha iliyolengwa bila kuhitaji tone lolote. Mwaka 2022 miongozo ya tiba ya nchi hiyo ikabadilishwa, leza ikapewa nafasi ya kwanza. Lakini je, jibu la London linatosha Moshi? Wengi wa wagonjwa wale waligunduliwa ugonjwa ukiwa bado mchanga, wana kliniki karibu na chupa ya dawa haikosekani. Isitoshe, leza hii hutegemea chembe zenye rangi, na macho ya watu weusi yana rangi nyingi zaidi. Swali lilipaswa kuulizwa hapa pia.

Timu ya KCMC pamoja na wenzao wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, mtafiti mkuu akiwa daktari wa macho Heiko Philippin, walifanya jambo ambalo msomaji anapaswa kulielewa vizuri, kwa sababu nguvu yote ya jaribio la kitabibu imo humo. Nani apate matone na nani apate leza haikuamuliwa na daktari wala mgonjwa. Iliamuliwa kwa nasibu. Watu 100 wakaangukia kwenye timolo, 101 kwenye leza, na kila kundi likawa na macho 191. Daktari angeachiwa achague, pengine angewapeleka kwenye leza wale ambao hali zao zilimtia hofu zaidi, au wale walioonekana hawana nauli ya kurudi, na mwisho wa yote tusingejua kama tofauti imeletwa na tiba au na watu wenyewe. Nasibu huwasambaza wenye nauli na wasio nayo, wepesi na wasahaulifu, katika makundi yote mawili. Hata matatizo ambayo hakuna aliyeyafikiria husambazwa vilevile. Utafiti ulisajiliwa kwenye rejesta ya majaribio ya tiba ya Afrika, ili asiwepo wa kubadilisha kipimo cha mafanikio baada ya kuona majibu.

Kipimo chenyewe kilipangwa kulingana na hali ya kila jicho: neva iliyokwisha kuumia zaidi iliwekewa lengo la presha ya chini zaidi. Katikati ya safari, nafasi moja ya ziada iliruhusiwa. Aliye kwenye leza aliweza kupigwa mara ya pili, na aliye kwenye matone aliweza kuelekezwa upya namna ya kutia dawa.

Baada ya mwaka mmoja, macho 99 kati ya 163 yaliyopimwa kwenye kundi la leza yalikuwa yamefikia lengo, yaani asilimia 61. Kundi la timolo, 55 kati ya 176: asilimia 31. Madhara na matatizo mengine ya kiafya yalijitokeza kwa watu wanane kwenye leza na kumi kwenye matone, mengi yakiwa hayahusiani na macho.

Msomaji makini ataona kwamba hesabu hazifiki 191 kwa kila kundi. Macho 28 ya kundi la leza na 15 ya kundi la matone hayakupimwa mwishoni. Je, pengo hilo halingeweza kugeuza jibu? Nimejaribu kuikandamiza leza kadiri inavyowezekana. Chukulia kwamba macho yote 28 yaliyokosekana yalishindwa, na yale 15 ya matone yote yalifanikiwa. Leza inabaki na 99 kati ya 191, karibu asilimia 52. Matone yanapanda hadi 70 kati ya 191, karibu asilimia 37. Hata kwa hesabu hiyo ya kuionea, leza bado iko mbele.

Namba inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni ile 31. Timolo ni miongoni mwa dawa ambazo kliniki zetu zimezitegemea kwa miongo kadhaa, na katika hospitali ya rufaa, chini ya uangalizi wa utafiti, ilifikisha lengo chini ya theluthi moja ya macho. Anayetibiwa mbali na uangalizi huo sidhani kama ana bahati zaidi. Kuna tarakimu nyingine ambayo ni rahisi kuipita: kati ya yale macho 55 yaliyofanikiwa kwa matone, 16 yalihitaji mgonjwa aelekezwe upya namna ya kutia dawa. Kuelekezwa hakuhitaji mashine. Keti, inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini, tia tone moja, funga jicho kwa utulivu, bonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja hivi. Muuguzi mwenye dakika kumi anaweza kumfundisha mgonjwa, kumwomba aonyeshe mwenyewe, na kumrekebisha. Hospitali isiyo na leza inaweza kuanzia hapo kesho asubuhi.

Mashine ya leza ni ghali na inahitaji daktari aliyefunzwa, lakini moja huhudumia wagonjwa wengi mno kwa miaka, wakati chupa ya matone hununuliwa tena na tena na mtu mmoja mmoja. Wanaopanga bajeti za afya wanapaswa kuzilinganisha gharama hizo mbili wakiwa na matokeo ya Moshi mezani, kwa sababu hayakukopwa popote. Yametokana na wagonjwa wa huku, waliokubali bahati iwapangie tiba ili sisi wengine tujue.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja, asilimia 61 maana yake ni kwamba kwa macho karibu manne katika kila kumi leza haikutosha, na theluthi ya yaliyofanikiwa yalipigwa mara mbili. Nguvu yake pia huweza kufifia miaka inavyopita, na presha hupanda tena kimyakimya kama ilivyopanda mwanzo. Kwa hiyo aliyepigwa leza bado hupangiwa tarehe za kurudi kupimwa presha, neva na uoni wa pembeni. Ikipanda, leza hurudiwa, au matone huongezwa, au upasuaji hufikiriwa. Na siku anaporudi, ni vizuri aje na kaka na dada zake wa tumbo moja, hata kama wanaona vizuri kabisa, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika familia na wao wako hatarini kuliko watu wengine.