Mti wa Krismasi wa Uchagani kwao ni Mexico

Desemba ikifika, Wachaga wa Dar es Salaam na kwingineko hupanda Machame, Marangu na Rombo kurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo. Katika sebule nyingi wanakofikia watakuta tawi kubwa la msaiprasi limesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, limepambwa kwa taa na pamba. Wengi hudhani huo ni mti wa asili wa mlima wetu. Sivyo. Msaiprasi huu, Cupressus lusitanica, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Uliletwa kwa ajili ya mbao, na pamoja na misindano ndio umejaza mashamba ya miti ya serikali ya West Kilimanjaro na Rongai.

Desturi yenyewe ilitoka mbali pia. Wajerumani wa zamani waliadhimisha Adamu na Hawa tarehe 24 Desemba, wakitumia mti wa kijani uliotundikwa matufaha. Kumbukumbu ya mwaka 1605 inasema watu wa Strasbourg walisimamisha mti sebuleni wakaupamba kwa maua ya karatasi, matufaha na peremende. Walitumia mti wa msitu wao usiopukutisha majani wakati wa baridi. Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipofika Machame, huko kwao mti huo ulikuwa umeshazoeleka majumbani.

Lakini mlima ulikuwa na jani lake la kijani tangu hapo: isale. Limepandwa mipakani mwa vihamba na makaburini. Aliyekosa akimpelekea mwenzake isale, ameomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Krismasi ndiyo siku ndugu wote wako nyumbani, mbuzi kachinjwa, mbege ipo, na kesi za ukoo zinasuluhishwa. Kwa maoni yangu hakuna mmea unaostahili sebule hiyo kuliko isale. Lichomekeni kwenye ndoo ileile, kando ya msaiprasi.

Na huo msaiprasi ukatwe kwa akili. Kata tawi la pembeni, uache kilele: kikikatwa, matawi mawili au matatu hugombea kupanda juu na shina hugawanyika, mbao zikaharibika. Kwenye ua wa misaiprasi, usikate hadi kufikia sehemu ya ndani iliyokauka, ya kahawia, isiyo na majani. Msaiprasi hauchipui tena hapo, na pengo litabaki. Ndani ya nyumba, mwagia maji mchanga wa ndoo kila siku. Tawi likikauka, utomvu wake hushika moto haraka mno, hivyo mishumaa isiwekwe karibu.

Usipande msituni kutafuta mtarakwa, ndugu wa msaiprasi ambaye kweli ni wa hapa. Msitu wa mlima umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005, na mitarakwa hukua polepole sana.