Manifesti ya shehena

Manifesti ya shehena (pia: orodha ya shehena) ni orodha ya mizigo yote iliyomo katika meli, ndege au chombo kingine cha usafiri kinachoingia nchini. Huwasilishwa kwa forodha na mwenye chombo au wakala wake. Kodi haikokotolewi kwa manifesti bali kwa tamko la forodha, ambalo mwagizaji hulitoa kupitia wakala wake wa forodha. Hata hivyo mzigo usioonekana katika manifesti hauna tamko la kuunganishwa nao, na kwa hiyo hautoki.

Yaliyomo

Kila mstari hutokana na hati moja ya shehena, ambayo mawakala huiita BL. Hutaja mpelekaji, mpokeaji, namba ya kontena na ya lakiri, idadi ya vifurushi, uzito na aina ya bidhaa. Maelezo ya bidhaa ni maneno ya mpelekaji tu, kwa kuwa nahodha hafungui makontena kuyakagua.

Kontena lenye mizigo ya watu wengi huweza kuonekana kama mstari mmoja. Hapo mkusanyaji wa mizigo hana budi kuwasilisha manifesti ndogo inayomtaja kila mwenye mali. Asipofanya hivyo, aliyeagiza boksi moja la vipuri huambiwa kontena limefika lakini jina lake halipo.

Muda na masahihisho

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamtaka nahodha au wakala kutoa taarifa ya chombo na shehena yake ndani ya saa 24 baada ya kufika. Siku hizi manifesti hutumwa kwa mfumo wa kompyuta, mara nyingi meli ikiwa bado baharini. Marekani, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, ilianza kudai taarifa za makontena saa 24 kabla hayajapakiwa katika bandari ya ng'ambo.

Kosa la jina, uzito au namba ya kontena husahihishwa kwa ruhusa ya forodha. Wakati huo tozo za kuhifadhi huendelea kuhesabiwa, na kwa kawaida humwangukia mwagizaji, ambaye hakuiandika manifesti hiyo.

Bandari kavu

Makontena mengi huhamishiwa bandari kavu, kama ile ya Embakasi, Nairobi. Forodha hulinganisha manifesti na kontena zilizoshushwa melini, zilizopokelewa bandari kavu na zilizotolewa getini. Mstari uliobaki wazi huku kontena halipo ni dalili ya mzigo uliopita bila tamko. Uzito wa jambo hili ulionekana Novemba 2015, Waziri Mkuu wa Tanzania Kassim Majaliwa alipotangaza kwamba makontena 349 yalitolewa Dar es Salaam bila kulipiwa kodi.

Shehena inayopita kwenda Zambia au Kongo huwekewa dhamana, nayo hufunguliwa baada ya forodha ya mpakani, kwa mfano Tunduma, kuthibitisha kwamba mzigo umevuka.