Blowa ya Kukaushia Gari: Upepo Upi Unafaa Busi?

Kiangazi kikishika huko Busi, wilayani Kondoa, gari lililooshwa saa sita mchana halihitaji mashine ili likauke. Jua na upepo wa Agosti huimaliza kazi kabla mwoshaji hajazunguka upande wa pili na taulo lake. Kwa hiyo anayetaka kununua blowa anaweza kuulizwa kwa nini anatoa pesa kununua upepo mahali ambapo upepo ni wa bure. Jibu ni kwamba jua hilo hukausha haraka mno, na hukausha vibaya.

Maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma ni magumu, yaani yamebeba kalisi na magnesi kutoka kwenye miamba. Tone likikaukia juu ya boneti, maji hupaa na madini hubaki, nayo ndiyo yale madoa meupe ya duara ambayo kwenye gari jeusi huonekana toka mbali. Yakiachwa siku nyingi juu ya bati la moto, hung'ang'ania rangi kiasi kwamba sabuni haiyatoi tena. Kazi ya blowa, basi, ni kuyafukuza maji yangali maji, yadondoke chini pamoja na madini yake. Ukilielewa hilo, unaweza kuziacha dukani mashine zote zenye kipasha joto, zikiwemo zile za saluni. Joto huongeza kasi ya tone kukauka mahali lilipo, ambalo ndilo jambo tunalolikimbia. Tena wati nyingi zilizoandikwa juu yake huishia kwenye waya wa kupasha, na feni hupata kidogo tu.

Kuna sababu ya pili ya kupuliza badala ya kufuta. Ukishaiacha lami ya Dodoma–Babati na kuingia vijijini, gari hupakwa vumbi la udongo wa Irangi, ardhi iliyomomonyoka kiasi cha Serikali kuanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO mwaka 1973 na kuiondoa mifugo katika eneo lililoathirika zaidi mwaka 1979. Vumbi hilo lina chembe za kwazi, madini magumu kuliko kioo. Chembe chache zilizobaki baada ya suuza, zikikutana na taulo na mkono wenye haraka, huchora rangi mikwaruzo myembamba inayoonekana jua linapopiga pembeni. Upepo hauburuzi kitu juu ya rangi, mradi wenyewe uwe safi. Hilo la usafi nitalirudia baadaye.

Upepo hupimwa kwa mambo mawili: wingi wa hewa na kasi yake. Wauzaji hupenda kutaja kasi kwa sababu namba yake ni kubwa. Vile vipulizio vidogo vya kushika kiganjani, vinavyolia kama mbu, hutoa hewa yenye kasi kali kweli, lakini kupitia tundu dogo. Ni vizuri kwa kutoa maji nyuma ya kioo cha pembeni au kwenye kitasa. Ukitaka kuondoa maji yote juu ya paa la Noah kwa kifaa hicho, betri itaisha na jua litakuwa limeshakushinda. Kompresa ya fundi pancha ina kasoro ya aina hiyohiyo. Kompresa ndogo ya nguvu-farasi 2 hutoa lita 200 hivi za hewa kwa dakika, wakati blowa ya mkono ya wati 600, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kutumiwa na mafundi kupuliza vumbi kwenye kompyuta, hutoa lita 3,000 hadi 4,000. Kompresa ina presha kubwa na hewa kidogo. Zaidi ya hayo, hewa yake mara nyingi hutoka na ukungu wa oili na maji yaliyojikusanya tangini, kwa hiyo gari lililosuuzwa hupakwa mafuta upya.

Kwenye boksi, namba ya kutiliwa shaka zaidi ni nguvu-farasi. Nguvu-farasi 1 ni wati 746. Plagi yetu ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba takribani wati 3,000, ambazo ni nguvu-farasi 4 na hapo fyuzi iko ukingoni. Boksi likidai nguvu-farasi 6 au 8 kwa mashine ya plagi hiyo, ujue wametaja kilele cha kufumba na kufumbua, au wamejiandikia tu. Soma wati. Kwa kazi ya magari, mashine ya wati 1,000 hadi 1,500 inatosha kabisa. Ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika tano hula uniti 0.125 ya umeme, kwa hiyo Luku isikutishe.

Soma na volti. Vifaa vya mtumba kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Ukikichomeka kimoja kwenye soketi ya nyumbani bila transfoma, utasikia mlio mmoja na harufu, basi. Waya mrefu nao una gharama yake. Ekstensheni ya mita 50 yenye waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ikibeba mashine ya wati 1,500, hupoteza volti 16 hivi njiani na kutoa joto la wati 100, na ukiiacha imeviringwa inaweza kuyeyuka. Nunua waya wa 1.5 au 2.5. Na kwa kuwa mtumiaji amesimama kwenye maji akiwa ameshika umeme, soketi hiyo ilindwe na breka inayokata umeme unaovuja ukifika miliampea 30. Hapa sibishani na mtu kuhusu bei.

Anayetegemea jenereta ajue kwamba Kondoa mjini ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo injini hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Upepo wa blowa yenyewe nao husukuma kwa nguvu pungufu. Mashine iliyosifiwa Dar es Salaam inaweza kuonekana goigoi huku bila kuwa na ubovu wowote.

Za betri zinavutia, hasa kwa kuwa hazina waya wa kuburuza majini. Tatizo ni maandishi. Utakuta betri imeandikwa 48 au hata 88, na ndani mna seli tano zilizofuatana, kila moja volti 3.6, jumla 18. Betri halisi ya volti 18 na ampea-saa 4 ina nishati ya wati-saa 72. Blowa inayokula wati 500 itaimaliza kwa dakika tisa hivi. Hiyo ni gari moja, labda na pikipiki moja.

Sasa lile la usafi. Blowa hufyonza hewa ya pale iliposimama. Ikisimama kwenye vumbi, hupuliza vumbi juu ya gari bichi. Ndiyo maana naiona blowa ya petroli ya kupulizia majani, pamoja na nguvu zake zote, kuwa chaguo baya kwa Busi: hutimua udongo uwanja mzima. Tafuta mashine yenye sponji ya chujio mdomoni inayotoka na kuoshwa, maana hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza mota, na chujio lililoziba huiunguza. Uliza pia kama kaboni za mota zinabadilishwa. Zikiisha, fundi wa kawaida ataweza kuirudisha kazini. Mahali pa kuoshea pamwagwe kokoto au zege, na puliza kuanzia paani kushuka chini.

Kwa mwenye gari moja la familia, mimi nisingeinunua. Aoshe asubuhi kabla ya jua kali, asuuze mara ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, ambayo hayana madini ya kisima, kisha atumie taulo safi. Hesabu hubadilika kwa kijana anayeosha bodaboda. Pikipiki haina mahali pengi pa kupitisha taulo. Maji hujificha kwenye mapezi ya injini, chini ya kofia ya plagi na kati ya pingili za cheni, ambako huleta misi na kutu. Blowa ya wati 600 yenye mdomo mwembamba huyatoa hayo kwa dakika chache, na mteja huondoka na cheni kavu iliyo tayari kupakwa oili.