Aliyeacha Kazi Ajue Aendako

Miongoni mwa mambo yatiayo fazaa katika nyumba zetu siku hizi ni kumwona kijana aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam akishuka garini hapa Kaliua na sanduku lake, naye kaiacha kazi. Mama hunyamaza, baba huwakwepa majirani aliokwisha kuwasimulia habari za mshahara, na kijana mwenyewe, kwa haya, hutaka kushika lolote lililo karibu. Sisi tusomeshao watoto chuoni, ambao wazazi hutujia na shida hizo, twaona kuwa hatari haiko katika kuacha kazi. Hatari iko katika haraka ifuatayo.

Kazi zenyewe nyingi ni za zile ziitwazo kampuni changa. Watu wachache hupata wazo, aghalabu la biashara ya simu na intaneti, wakapewa fedha na wawekezaji, kisha wakatakiwa wakue upesi. Mfanyakazi huenda akapewa mshahara mdogo na ahadi ya hisa. Baadhi ya kampuni hizo hustawi, nyingi hufa. Huko Kenya, kampuni ya Copia ilianza mwaka 2013 kuwapelekea bidhaa watu wa vijijini, ikajulikana sana. Mwezi wa Mei 2024 ikatiwa mikononi mwa wasimamizi kwa kukosa fedha, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Basi kijana aliyeona mambo hayaendi akatoka, hakutenda la aibu. Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu, wala haikufungwa mkononi mwa tajiri mmoja.

Tumtazame Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alihamia Madina akiwa ameacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaanza na samli na jibini, vitu vidogo, hata Mungu akamkunjulia. Hakuona haya kuanza chini, wala hakungoja kulishwa.

Haya, kijana afanyeje?

La kwanza, atoke kwa wema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka alipwaye kwa mwezi atoe taarifa ya maandishi isiyopungua siku 28. Naye ana haki ya mshahara wa siku alizofanya, malipo ya likizo anayodai, na cheti cha utumishi wake. Adai haki hizo kwa adabu, lakini asichukue orodha ya wateja wala siri za kampuni. Hiyo ni amana, na amana haimaliziki siku ya mwisho wa mshahara. Katika Surat al-Qasas, binti wa Madyan alipomsifu Nabii Musa (a.s.) kwa baba yake ili amwajiri, alitaja mambo mawili: nguvu na uaminifu. Atakayekuajiri kesho atauliza hayo hayo.

La pili, ahesabu masurufu. Nchi yetu hii ya Unyamwezi ilikuwa njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na babu zetu walikuwa mabingwa wa upagazi. Wengi wao walishika njia wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakataka kurejea kabla ya mvua wapate kulima. Hawakulitupa jembe kwa sababu ya ujira wa msafara. Kijana naye aandike: akiba yangu ni kiasi gani, deni langu ni kiasi gani, na chakula cha nyumba yangu kitafika miezi mingapi? Asiyejua hesabu hiyo asianzishe neno jipya.

La tatu, aijue ardhi kabla ya kuilima. Jirani zetu wa Urambo wanao ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa na mamilioni ya pauni yakatumika kabla udongo na mvua havijapimwa vizuri. Mashine zikavunjika, mvua ikawa haba huko Kongwa, na mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa. Huko Urambo kilichofuata kilikuwa tumbaku. Basi hata nchi iliyoshindwa kwa jambo moja yaweza kupata jingine, ila lazima ijulikane kwanza.

Twalisema hili kwa kuwa tunawaona vijana wakirudi na kukimbilia mashamba ya tumbaku, wakichukua mbolea na dawa kwa mkopo unaokatwa wakati wa mauzo, hali hawajawahi kuchoma hata bani moja. Mvua ikiwaendea kombo, hubaki na deni. Na ikumbukwe kuwa wanachuoni wengi wamelikataza zao hilo. Afadhali msimu mmoja wa kujifunza kwa mfugaji wa nyuki, au kumwekea mfanyabiashara wa mpunga hesabu zake kwa ule ujuzi wa kompyuta alioupata mjini. Ujuzi haufi na kampuni. Reli itokayo hapa kwenda Mpanda ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi. Machimbo yale yalifungwa, reli ikaendelea kuchukua watu na mizigo.

La nne, atake shauri na aswali istikhara. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Masahaba rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Wako wadhaniao kuwa lazima ndoto ifuate. Sivyo. Mtu hutafakari, huuliza wajuao, huswali, kisha hushika njia na kumwachia Mola.

Nanyi wazazi, msimsimange mtoto aliyerudi. Masimango ndiyo yamtiayo haraka, na haraka ndiyo imtiayo deni. Mpeni chumba, kazi ya nyumbani na muda unaojulikana mwisho wake, tuseme miezi mitatu, kisha aseme mbele yenu amekusudia nini na kwa hesabu gani. Mkimtendea hivyo, atawaambia ukweli, na mtaweza kumsaidia kabla hajaweka kidole gumba kwenye karatasi ya mkopo.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya halali, na atupe sisi wazee subira ya kuwangoja. Amin.