Saa za Ziada, Posho na Msaragambo

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi zihusuzo kazi ifanywayo nje ya saa za kawaida, na namna ajira mbalimbali zinavyoilipa kazi hiyo. Mifano yetu tumeichukua katika mji wa Same na Milima ya Upare kwa sababu mbili. Kwanza, katika wilaya hiyo moja msomaji atakuta aina nyingi za ajira: mashamba ya mkonge ya tambarare, machimbo ya jasi ya Makanya, mabasi ya barabara kuu iendayo Arusha, ofisi za serikali, hospitali na shule, na huko juu milimani kilimo cha tangawizi na mahindi. Pili, lugha ya wenyeji, yaani Chasu, au Kipare kama wengi tuiitavyo, imekwisha kutupa neno moja litakalotusaidia kuuona mpaka wa jambo lenyewe.

Neno lililoenea kazini ni "ovataimu". Mfanyakazi husema, "Leo nina ovataimu", akimaanisha muda. Husema, "Nimefanya ovataimu", akimaanisha kazi. Husema, "Sijalipwa ovataimu", akimaanisha fedha. Na karani wa ofisi huweza kuliita kwa jina hilo hilo fungu la posho asilolipimia saa hata moja. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna dhara, kwa kuwa wasemaji huelewana. Lakini katika mkataba, katika barua ya madai, au mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maana hizi nne zikichanganywa pana mtu atakayepoteza haki yake, na aghalabu ni yule aliyefanya kazi.

Isemavyo sheria

Msingi wa istilahi hizi kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo yaweka kikomo cha saa za kawaida: siku 6 kwa juma, saa 45 kwa juma, na saa 9 kwa siku. Kazi ipitayo hapo haifanywi ila kwa makubaliano, wala haiwezi kuzidi saa 50 katika kila majuma manne. Tena, pamoja na hizo za ziada, siku nzima ya kazi isipite muda wa saa 12. Malipo yake ni yasiyopungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Atakayefanya kazi katika siku yake ya mapumziko ya juma, au katika sikukuu ya taifa, hulipwa maradufu kwa kila saa. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Na kama saa hizo za usiku ni za ziada pia, asilimia 5 hiyo huhesabiwa juu ya kiwango cha saa za ziada.

Kanuni hizi haziwahusu watu wote. Wale wanaowasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, wamewekwa nje ya sehemu hiyo ya sheria. Hali kadhalika majeshi yana taratibu zake.

Tutoe mfano wa hesabu tu. Tuseme mfanyakazi ana mshahara wa msingi wa Sh. 195,000 kwa mwezi, na saa zake za kawaida ni 45 kwa juma. Sheria yaelekeza kwamba mwezi uhesabiwe kuwa na majuma 4.333, yaani karibu saa 195. Kwa hiyo saa yake moja ni Sh. 1,000. Saa ya ziada mchana ni Sh. 1,500. Saa ya ziada usiku ni Sh. 1,575. Saa ya siku ya mapumziko ni Sh. 2,000.

Mfasiri atazame hapa maneno "mara moja na nusu". Tumeyakuta yakieleweka kwa njia mbili. Wako wanaodhani kwamba mfanyakazi hupewa nusu tu, kwa kuwa saa yenyewe imekwisha kulipwa ndani ya mshahara wa mwezi. Na wako wanaodhani kwamba hupewa saa yake, kisha akaongezewa moja na nusu nyingine. Zote mbili si sahihi. Tena "mara moja" katika Kiswahili ni pia "bila kukawia", na msomaji wa haraka huweza kuteleza. Njia iliyo wazi zaidi ni kuandika: "Kila saa moja ya ziada italipwa kama saa moja na nusu ya kawaida." Sentensi hiyo hata kibarua asiyezoea vifungu vya sheria ataielewa.

Saa ya mchana na muda wa saa

Mtego mwingine ni wa Kiswahili chenyewe. Neno "saa" lataja wakati, na lataja pia urefu wa muda. Tukiandika, "Mlinzi asifanye kazi zaidi ya saa 12", mwajiri mmoja atasoma kwamba kazi isipite muda wa saa kumi na mbili, na mwingine atasoma kwamba kazi ikome jua likitua. Watu wengi wamejitafutia dawa kwa kusema "masaa" wanapotaka kutaja muda. Nia yao twaielewa, lakini wingi wa "saa" katika Kiswahili sanifu ni "saa". Dawa iliyo bora ni kulitanguliza neno "muda": "muda wa saa 12" kwa urefu, na "ifikapo saa 12 jioni" kwa wakati. Walimu wanaowafundisha wanafunzi kuandika barua rasmi wangefanya vema kulitilia mkazo jambo hili.

Kazi mbalimbali na malipo yake

Tuanze na mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka 1893, na mashamba yake yakaenea kando ya reli iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911. Katika mashamba hayo kazi ya kukata hupimwa kwa matita ya majani, wala si kwa saa. Zamani kibarua alikuwa na kadi iliyoitwa kipande, iliyohesabu siku 30 za kazi. Na hata neno "kibarua" lenyewe latokana na ile barua ndogo ya kuhesabia kazi ya siku. Je, mtu alipwaye kwa kipimo ana saa za ziada? Anazo. Kwa asiyelipwa kwa muda, sheria yatazama mapato yake ya majuma 13 yaliyotangulia, na kutokana nayo kiwango cha saa chaweza kupatikana. Kwa hiyo ni kosa kutafsiri kwamba "mfanyakazi wa kipande hana saa za ziada". Na kwa wale walio kwenye mashine ya kusindika, iitwayo korona, suala ni wazi zaidi: majani yaliyokatwa hayangoji siku nyingi, na mashine ikiharibika asubuhi, zamu huendelea hadi usiku.

Wa pili ni askari mlinzi. Desturi iliyozoeleka ni zamu ya kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku 6 kwa juma. Hata tukiondoa muda wa saa moja ya mapumziko kila siku, zinabaki saa 66 kwa juma. Toa 45 za kawaida, zinabaki 21. Na katika majuma manne ni 84, hali kikomo ni 50. Sheria inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, siku ya kazi ifike muda wa saa 12 pasipo malipo ya ziada, lakini siku hizo zisizidi 5 kwa juma wala saa za kawaida zisipite 45. Mpango huo twapendekeza uitwe "juma la kazi lililobanwa". Mkataba usemao tu "zamu ya saa 12" hauelezi ni upi kati ya mipango hiyo unaokusudiwa.

Wa tatu ni dereva. Tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, Same huwa macho usiku kucha. Dereva aghalabu huhesabiwa kwa safari, na hupewa posho ya safari. Posho hiyo ni ya chakula na malazi njiani. Haiwi malipo ya saa za ziada kwa sababu tu imetolewa siku ile ile.

Wa nne ni muuguzi na daktari. Hawa wana zamu, na juu ya zamu wana wajibu wa kuitwa kazini wakiwa nyumbani. Malipo yake huitwa "posho ya kuitwa kazini", na lilikuwa mojawapo ya madai katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2012. Jambo la kutazamwa ni kwamba posho hii hulipia kuwa tayari, wala si lazima ilingane na saa zilizofanywa kazi.

Karani wa serikali huanza kazi saa 1:30 asubuhi na kuondoka saa 9:30 alasiri. Akibaki ofisini wakati wa kuandaa bajeti, mara nyingi hupewa "posho ya kazi za ziada", ambayo huwa fungu moja kwa siku. Mwalimu naye husahihisha madaftari usiku nyumbani kwake, na kazi hiyo haina kitabu cha mahudhurio cha kuithibitisha. Hawa wawili hutuonyesha kwamba kazi yaweza kuwa ya ziada na isiwe na malipo ya ziada, kwa kuwa hakuna aliyeihesabu.

Posho, kifuta jasho na fidia

Ndiyo maana hapana budi kulitenga neno "posho". Asili yake ni chakula cha kugawiwa: unga na maharage waliopimiwa vibarua wa mashamba. Baadaye likawa fedha. Lakini limebaki na maana yake ya awali: kitu kitolewacho kwa kiasi alichopanga mtoaji. "Ujira" ni kitu kingine. Huo hupimwa kwa kazi na hudaiwa. Ukiyaita malipo ya saa za ziada "posho", umemwambia mfanyakazi kwamba apokee bila kuhesabu. "Kifuta jasho" ni hafifu zaidi, kwani ni shukrani tu, na "marupurupu" ni jina la jumla la mafao yote yaliyo nje ya mshahara.

Hali kadhalika tunawasihi wafasiri waliepuke neno "fidia" katika jambo hili. Kiingereza kina neno moja litumikalo kwa malipo ya kazi na kwa malipo ya madhara, na hapo ndipo hutoka "fidia ya saa za ziada". Lakini katika Kiswahili fidia hulipwa kwa hasara au maumivu, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yahusu ajali na maradhi yatokanayo na kazi. Aliyefanya kazi hadi usiku hakuumizwa. Ameuza muda wake.

Msaragambo

Sasa tupande milimani. Katika Upare, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, kutengeneza njia au kujenga shule huitwa msaragambo. Kazi mojawapo kubwa ni kuondoa tope katika ndiva, yaani bwawa dogo la jadi lifungwalo jioni ili maji ya mto yakusanyike usiku, na kufunguliwa asubuhi yapate kumwagilia mashamba kwa zamu. Asiyehudhuria msaragambo hutozwa faini. Neno hili limekwisha kusikika katika Kiswahili cha mikutano ya vijiji nje ya Upare, na ni neno zuri.

Kwa sababu ni zuri, huweza kutumiwa vibaya. Mwajiri anayewataka wafanyakazi wabaki Jumamosi kuhesabu mali ya ghala, kisha akaiita kazi hiyo "msaragambo" au "kujitolea", amelihamisha neno kutoka mahali pake. Katika msaragambo hakuna mwajiri. Afanyaye kazi ndiye atakayenywesha shamba lake kwa maji yale. Ghala si la wote. Upare una kumbukumbu ya jambo la namna hii. Mbiru lilikuwa jina la kodi ya kimila. Serikali ya kikoloni ikalitwaa kuita kodi mpya ya viwango tofauti kwa kila mtu, ambayo walipaji hawakujua ilivyokadiriwa. Na mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuipinga. Jina la zamani halikukifanya kipimo kipya kieleweke.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza matumizi yafuatayo:

Saa za ziada: muda wa kazi upitao saa za kawaida.
Kazi ya ziada: kazi yenyewe ifanywayo katika muda huo.
Malipo ya saa za ziada: ujira uhesabiwao kwa saa, kwa kiwango cha sheria au zaidi.
Posho ya kazi za ziada: fungu litolewalo bila kupimwa kwa saa.
Posho ya kuitwa kazini: malipo ya kuwa tayari kuitwa.
Mapumziko ya badala: muda wa kupumzika apewao mfanyakazi mahali pa fedha. Izingatiwe kwamba sheria yataja kulipa. Mapumziko haya yasiandikwe kana kwamba ni malipo.
Msaragambo: kazi ya pamoja ya jumuiya kwa faida ya jumuiya, isiyo ya ajira.

"Ovataimu" litaendelea kusemwa, wala hatuna haja ya kulifukuza vinywani mwa watu. Lakini tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maneno tuyachaguayo yamekuwa na uzito wa fedha za watu. Tunawaomba wasomaji watuletee maneno yatumikayo mahali pao pa kazi, pamoja na maelezo ya jinsi saa zinavyohesabiwa huko, ili orodha hii ipate kukamilishwa.